Eda ya Tawi la Mapacha

Kuliondoa tawi moja kulitugharimu siku kumi na moja za kazi, soli za viatu vyangu vyeusi, na ajira ya mwenzetu mmoja, aliyefukuzwa kwa siku mbili bila mwenyewe kujua, kisha akarudishwa bila mwenyewe kujua. Nimehesabu mara mbili. Umeme na chai sikuviweka, maana hivyo vingetumika hata kama tungekaa tu tunatazamana.

Mliniagiza niandike machache kabla sijasahau. Vyeo sitaviandika, mlikuwapo wakati vinagawiwa na wengine mlinipita. Nitaandika habari za matawi ya programu, kwa sababu nimewaona mnavyoyafuta: kidole kimoja kwenye kibodi, sikio kwenye simu, na mdomoni andazi.

Nilianza kama karani wa stoo katika shirika la umma. Shirika likauzwa, mie nikatoka na cheti cha utumishi mwema na ujuzi wa kuhesabu maboksi. Miaka ya tisini ilikuwa imeshafika katikati, milango imefunguliwa, kila mtu mjini anauza kitu kilichotoka nje. Kompyuta zilizotumika zilikuwa zinaingia zimerundikwa kama magunia ya vitunguu, nami nikawa nazichuuza Manzese. Wateja walikuwa wananunua skrini, wanaondoka wamefurahi, halafu kesho yake wanarudi kuuliza mbona kompyuta haifanyi kitu.

Mmoja tu hakununua skrini peke yake. Huyo alikuwa Mzee Mhina, mwenye ofisi ya kutengeneza programu kule Sinza, ghorofa ya kwanza, chini kuna baa iliyokuwa inafunguliwa mapema kuliko sisi. Tulibishana bei ya mashine mbili tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Mwishowe akakunja mikono ya shati akasema, "Wewe kukaa upande wa pili ni hasara kwangu. Jumatatu uje kazini."

Jumatatu nikapanda ngazi. Nilimkuta mwanamke wa makamo amevaa baibui na miwani, amekaa mbele ya skrini ya herufi za kijani, anakula korosho mojamoja bila kuangalia mkono unakwenda wapi. Ndiye Bi Zuhura, mkuu wa waandishi wa programu, mzaliwa wa Magomeni, bibi yake mzaliwa wa Magomeni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unajua kuhesabu?"

"Najua."

"Unajua kuhesabu, au unajua kutaja namba?"

Nilikaa naye miaka kumi na minne na sijawahi kulijibu swali lile vizuri.

Aliniweka kuwa mtunza hifadhi. Hifadhi ilikuwa mashine moja kando ya dirisha, ndimo msimbo wa programu zetu zote ulimokaa, pamoja na historia ya kila badiliko. Katikati kuna shina, yaani programu yenyewe inayokwenda kwa mteja. Anayetaka kurekebisha jambo haligusi shina. Anachipusha tawi lake, anafanyia humo makosa yake yote kwa uhuru, na akimaliza anaiunganisha kazi yake na shina. Tawi lililokwisha kazi halina tena faida; linakula nafasi na kuwachanganya watu. Kuyaondoa hayo ndiyo ilikuwa riziki yangu.

Lakini ofisi ile ilikuwa na desturi yake, na sijaikuta mahali pengine. Tawi halikuondolewa kimyakimya. Mwenye tawi alisimama mbele ya mashahidi wawili, akalitaja kwa jina, akasema mara tatu, "Nimeachana nalo." Festo, kijana wa Bukoba aliyelelewa na masista, mtu ambaye kanisani kwao talaka haipo, alikuwa akiitamka kwa raha kuliko sisi wote. Alikuwa anatengeneza kola kwanza.

Baada ya talaka nilitoa amri ya kwanza, ya kuondoa jina la tawi kwenye orodha. Yaliyomo yanabaki chini kwa chini, na ukitaka unayarudisha. Amri ya pili ndiyo ya kufuta yaliyomo, diski ipate kupumua, na hiyo hairudi nyuma. Katikati ya amri mbili hizo Bi Zuhura aliweka siku arobaini. Nakala ya tawi ilikaa kwenye disketi, disketi ikakaa kwenye kopo la biskuti, na kopo halikuguswa. Alikuwa anaziita eda.

"Eda ya nini, Bi Zuhura? Si mtu ameshaacha?"

"Mie nimekaa eda mara mbili, najua kazi yake," alisema. "Watu wanadhani ni adhabu. Ni kungoja, mwanangu. Kungoja uone kama tumboni kuna kitu. Mtu anaweza kuachwa leo na kesho ikaonekana kumbe amebeba."

"Na kwa nini arobaini? Yenyewe si miezi mitatu?"

"Mhina angeninunulia diski kubwa ningeweka mitatu."

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kukiri. Saa nane mchana, feni inasukuma joto kutoka ukuta huu kwenda ule, baa ya chini imenyamaza, orodha ya matawi inapanda kwenye skrini polepole. Kila jina lilikuwa na mtu wake na majuma yake. Kuna tawi lililochipushwa kwa ajili ya mashine ya kusaga, jingine kwa ajili ya shule moja iliyotaka majina ya wanafunzi yaanze na ukoo. Nilikuwa nayaona kama watu waliokuwa wamekaa barazani, wanainuka mmojammoja, wanakung'uta nguo, wanaaga, na baraza inabaki na joto lao. Wakati mwingine nilisinzia, na matawi yakaendelea kuaga usingizini. Nikiamka nilihesabu upya.

Sasa habari yenyewe. Tulikuwa na programu ya kliniki moja ya watoto huko Temeke. Asubuhi ilichapa orodha ya watoto wanaotakiwa kuja kuchanjwa, na ambaye hakutokea, wauguzi walimfuata nyumbani. Ilikuwa na ugonjwa mmoja: haikujua mapacha. Ikiona watoto wawili wana mama mmoja, baba mmoja na siku moja ya kuzaliwa, iliona karani amemwandika mtoto mmoja mara mbili, ikamtupa wa pili. Muuguzi mkuu, Sista Tabu, aliugundua mapema, akawa na daftari lake la mapacha pembeni, anawafuatilia kwa mkono.

Festo alipewa kazi ya kuutibu ugonjwa huo. Alikuwa bado kwenye majaribio. Mzee Mhina alimwambia waziwazi kwamba mapacha ndio watakaosema kama anabaki. Akachipusha tawi, akaliita jina hilohilo, mapacha. Ijumaa moja akaliunganisha na shina mbele yetu sote. Jumatatu asubuhi aliingia mapema, akawa anaandika tena. Saa nne simu ikaja kutoka kwao: baba yake amefariki. Mzee Mhina, sifa yake nimpe, alimpa ruhusa ya siku arobaini bila kubisha.

Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi.

"Braza, lile tawi nimeshaliunganisha," akasema. Macho yake yalikuwa tayari Bukoba.

"Na talaka?"

"Nitolee wewe. Mie sina mdomo leo."

Nikaitoa mchana uleule, kwa niaba yake, mashahidi wawili wakiwapo. Niliangalia alama ya kuunganishwa, ipo. Nikaondoa jina, nikanakili disketi, nikaweka koponi. Mimi ninayehesabu chenji dukani halafu nikahesabu tena nje ya duka, siku ile nilitazama mara moja.

Siku ya tano diski ya hifadhi ikajaa. Nilimwendea Mzee Mhina kumwomba nyingine. Hakuinua macho. "Futa," akasema. "Si ndiyo kazi yako?" Nikarudi, nikatazama yaliyokuwa edani, nikaona tawi la mapacha ndilo nene kuliko yote. Limeunganishwa, mwenyewe ameliacha, mashahidi wapo. Nikajipigia bei mwenyewe kichwani: siku thelathini na tano zilizobaki, nani atazidai? Nikatoa amri ya pili. Na kwa kuwa disketi safi zilikuwa zimekwisha, nikachukua ileile ya koponi, nikaifuta, nikaweka humo programu mpya ya kliniki. Kesho yake nikaipeleka Temeke kwa mikono yangu.

Sista Tabu alikuwa mwanamke mrefu, mpole, asiyeamini mashine wala mafundi wake.

"Mapacha je?"

"Tumemaliza, Sista. Hata fomu sasa inauliza nani alitangulia kuzaliwa."

"Kwa hiyo hili daftari langu?"

"Weka kabatini."

"Una hakika, kaka?"

"Hakika."

Akaliweka kabatini. Nilimsaidia kufunga mlango wa kabati, ulikuwa unagoma.

Wiki tatu zikapita, laini kama usingizi wa mchana. Halafu simu ikalia, nikaipokea mimi.

"Kaka wa hakika yuko?" Ilikuwa sauti ya Sista Tabu. "Nina mama hapa mbele yangu, amebeba watoto wawili. Nina kadi mbili mkononi. Mashine yenu inanipa mtoto mmoja. Sasa huyu mwingine nimwambie hajazaliwa?"

Nilifungua shina kabla simu haijapoa. Fomu ilikuwa inauliza nani alitangulia, ndiyo, hiyo ndiyo kazi ya Ijumaa. Lakini sehemu inayochapa orodha haikuwa inasoma jibu. Hiyo ndiyo kazi ya Jumatatu asubuhi, mistari ya mwisho, aliyoiandika baada ya kuunganisha na kabla ya simu ya msiba. Ilikuwa ndani ya tawi peke yake. Tumboni.

Mzee Mhina alitoka ofisini kwake, akaangalia shina, akaona kazi nusu. "Kumbe huyu kijana hakumaliza," akasema. "Halafu kaniambia kamaliza. Andikeni barua, akirudi aikute."

Nami nikanyamaza. Siandiki hili kwa kujipamba. Nilinyamaza siku ile na siku iliyofuata, na barua ikachapwa, ikawekwa kwenye bahasha. Bahasha ilikaa juu ya meza ya Festo, na kila nilipoinua kichwa ilikuwa inanitazama.

Siku ya pili jioni Bi Zuhura alivuta kiti akakaa karibu yangu. Alikuwa na korosho zake.

"Tawi la Festo lilikaa eda siku ngapi?"

"Arobaini."

Akatafuna. "Ameondoka siku ishirini na tisa zilizopita. Hesabu tena."

Feni ilizunguka. Nikasema, "Tano."

"Na disketi?"

"Niliitumia."

Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. "Kwa hiyo ingekuwa bado koponi, na siku kumi na moja mbele yake," akasema. "Nenda kamwambie Mhina. Mie nakuja nyuma yako, lakini sitasema neno."

Mzee Mhina alinisikiliza mpaka mwisho. Akaichukua ile bahasha, akaichana vipande vinne.

"Sasa nikufukuze wewe badala yake?"

"Mzee, nipe mpaka Festo arudi. Nitawatafuta watoto wote walioachwa."

"Siku kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Ukikosa, mnaondoka wote. Yeye kwa kutomaliza, wewe kwa kumaliza."

Sijawahi kukubali bei haraka namna ile.

Siku mbili za kwanza, mimi na Bi Zuhura tulikaa sakafuni katika chumba cha kadi huko kliniki, tukapitia kadi za karatasi, moja baada ya nyingine. Sista Tabu alikuwa amelitoa daftari lake kabatini. Tulihesabu jozi zote, tukahesabu tena. Waliofikisha miezi tisa katika zile wiki tatu, wakati wa sindano ya surua, na ambao hawakuletwa wala hawakufuatwa, walikuwa wanne. Wote wa pili kuzaliwa. Hussein mmoja na akina Doto watatu. Wenzao, Hassan na akina Kulwa, walikuwa wameitwa, wakachanjwa, wakarudi nyumbani.

"Lakini mama akija na Kulwa, si anakuja na Doto?" nilimuuliza Sista.

"Anakuja na anayeitwa," akasema. "Ukiwa na wawili, mgongo mmoja, na nyumbani kuna moto umeuacha jikoni, unambeba mwenye jina kwenye karatasi. Mwingine unamwachia jirani, unajua ataitwa siku yake."

Kwa hiyo tukatembea. Sista mbele na boksi la barafu lenye chanjo, Bi Zuhura na mwavuli wake, mimi na kadi. Temeke ya mchana ni mchanga mweupe na kuta zenye joto, na vichochoro vinavyokutoa mahali uliposimama nusu saa iliyopita. Siku ya nne nilianza kuona kila kitu mara mbili. Ndoo mbili mlangoni, khanga mbili kambani, wasichana wawili wenye gauni za kitambaa kimoja wamekaa kizingitini, wananitazama bila kupepesa, halafu nikigeuka hawapo. Nilikuwa nasikia jina linaitwa nyuma ya ukuta, Doto, Doto we, nikizunguka ukuta nakuta ua mtupu na kuku. Nilitembea kama mtu aliyeingia ndani ya ndoto ya mwenzake kwa makosa, na hapati pa kutokea.

Hussein tulimpata Keko. Baba alikuwa na zamu ya usiku, akaamka na shuka.

"Mnamtaka Hussein? Chukueni, huyu hapa."

"Huyo Hassan, mume wangu," mama akasema.

"Hassan si mwenye kovu?"

"Kovu analo Hussein. Hebu rudi ukalale."

Sista Tabu alimsikiliza mama. Mtoto alilia, na mwenzake, asiyechomwa na mtu, akalia naye kwa sauti ileile.

Doto wa kwanza alikuwa Mtoni, wa pili Yombo, nao wakachanjwa. Wa tatu, wa Tandika, chumba chao tulikikuta na wapangaji wengine. "Wamehama," jirani akasema. "Mume kapata kiwanja huko Kibamba. Wamepakia vitanda wamekwenda." Kibamba ya wakati ule ilikuwa mashamba na vichaka, nyumba moja hapa, nyingine kule, hakuna anayemjua mwenzake. Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili nilitembea barabara zote zilizokuwapo, ambazo zilikuwa tatu, kisha nikatembea pasipo na barabara, nikiuliza mapacha. Watu walinipa maji. Mapacha hawakuwa nao.

Siku ya kumi na moja nikaingia kwa Mzee Mhina. "Watatu," nikasema. Sikuomba kupunguziwa. Alinitazama kama anayesubiri nianze kubishana.

"Festo abaki," akasema mwishowe. "Na wewe baki. Lakini huyo wa nne ni wako."

Festo alirudi kesho yake, amekonda, nywele zimenyolewa. Nilimsubiri kwenye ngazi nikamweleza yote, kabla hajaambiwa na mtu.

"Kwa hiyo nilifukuzwa lini?"

"Jumatatu. Ukarudishwa Jumanne jioni."

Akafikiri. "Jumatatu nilikuwa nakata nyasi kaburini," akasema. "Kwa hiyo nilikuwa nakata nyasi, sina baba, sina kazi, na sijui." Akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka akafuta macho. Nilikaa naye.

Aliiandika upya ile sehemu kwa siku tatu. Ikafanya kazi, na inafanya kazi mahali pengi hata leo. Lakini aliwahi kuniambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa fupi na nzuri zaidi, na kwamba hakukumbuka hata mstari mmoja. Simu ile ilipolia, vyote vilimtoka.

La kazi ni hili, na nyie lichukueni: alama ya kuunganishwa inakuambia kwamba kuna siku tawi na shina vilikutana. Haikuambii tawi lilifanya nini baada ya hapo. Kabla ya kufuta, angalieni siku ya mwisho tawi lilipoandikwa, na kama ni baada ya kuunganishwa, msiguse. Mwenye tawi akiwa msibani, mngojeni. Siku hizi diski ni kubwa, hamna kisingizio nilichokuwa nacho mimi, ambacho hata hivyo hakikuwa kisingizio.

Tangu nistaafu nina muda, na nimekuwa nikienda Kibamba. Sasa ni mji, maduka na magorofa, sikuzitambua zile barabara tatu. Sista Tabu, Mungu amrehemu, alikuwaga ananiambia labda yule mtoto alichanjwa kwenye kliniki ya huko, usijitese. Hiyo "labda" yake nimetembea nayo karibu miaka thelathini. Mwezi uliopita mjumbe mmoja wa mtaa alinielekeza kwenye karakana ya kuchomelea mageti. Mwenyewe anaitwa Kulwa, umri ndio huo, na familia yao, mjumbe anasema, ilihamia kutoka Tandika akiwa mchanga. Kuhusu Doto mjumbe hana habari; yeye mwenyewe ni mgeni wa juzi.

Nilisimama ng'ambo ya barabara. Kijana alikuwa amevaa miwani ya giza, cheche zinaruka, anafanya kazi peke yake. Nilikaa pale mpaka akazima mashine akaenda kula. Sikuvuka.

Sasa nawauliza nyie, mlio na umri wake, maana mie najua kupatana bei na hili halina bei. Mtu usiyemjua akija karakanani kwako, mzee, akikuuliza Doto yuko wapi, utataka kwanza akueleze kwa nini anauliza? Au ni afadhali asije kabisa? Nijibuni kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi nitakuwa nimesimama tena pale.